Aprili, bamvua na maji yasiyo na pa kwenda

Ukitaka barza yetu ya Kikwajuni, hapa mjini Zanzibar, ichangamke baada ya isha, taja kimbunga. Papo hapo utapata makundi mawili. Kuna wanaosema visiwa hivi vimezungukwa na dua za mawalii, havipatwi. Na kuna wanaosema tulishapatwa mara moja, kwa hivyo zamu yetu imepita. Mie ni karani wa mizigo bandarini Malindi. Jedwali la kujaa na kupwa kwa maji limebandikwa ukutani mbele ya meza yangu, na nimezaliwa na kukulia bondeni, mahali ambapo masika huingia ndani bila ya hodi. Ndiyo maana nina kundi langu la tatu, ambalo mpaka sasa lina mtu mmoja. Nasema hivi: upepo mkubwa tunaouogopa huja mara moja katika vizazi, lakini maji yanayotutoa majumbani yana tarehe zake, na tarehe hizo zinajulikana mwaka mzima kabla hazijafika.

Lakini tuanze na huo upepo, maana ndio kila mtu anaoutaka.

Ilikuwa Jumatatu, tarehe 15 Aprili 1872. Sayyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, alikuwa hajatimiza hata miaka miwili kitini. Kimbunga kikaipiga Unguja mwezi ambao kila mkulima wa hapa angekwambia tusubiri mvua tu. Bandarini vyombo vilikatika nanga na kutupwa pwani kimoja juu ya kingine, majahazi ya watu na merikebu za Sayyid mwenyewe. Mjini mapaa yaling'oka. Mashambani ndiko kulikokuwa na msiba mkubwa zaidi: takriban theluthi mbili ya mikarafuu na minazi ya Unguja ilianguka. Mnazi una moyo mgumu, hupinda kabla ya kuvunjika. Mkarafuu haujui kupinda. Mizizi yake haiendi mbali chini, matawi yake hukatika kwa mzigo wa mchumaji mmoja asiyejua pa kukanyaga, sembuse upepo wa aina ile. Na ukipanda mche mpya leo utakaa miaka sita au saba ndipo uone kikonyo cha kwanza. Mtu aliyekuwa tajiri Jumapili usiku aliamka Jumanne hana kitu, na hakuwa na matumaini ya kupata kitu kwa miaka kadhaa.

Pemba haikuguswa. Kila nikilisimulia hili mtu hushangaa, maana tumezoea kuvitaja visiwa viwili kwa pumzi moja. Lakini kimbunga, hata kikubwa, kina tumbo jembamba pale penye upepo wa kuua, na kati ya visiwa hivi kuna bahari ya kilomita 50 hivi. Unguja ikalala chini, Pemba ikabaki na mikarafuu yake yote, na bei ikapanda. Kuanzia hapo uzito wa karafuu ukahamia kule, na haujarudi mpaka leo. Mama yangu ni mtu wa Wete, na marehemu babu upande wa kwake alikuwa na kauli yake aliyoipenda: kwamba utajiri wa Pemba haukupandwa na mtu, uliletwa na upepo uliokosea njia. Sikubaliani naye kwa yote, maana miti ile ilipandwa na watu tena kwa jasho, na wengi wao walikuwa watumwa. Lakini naelewa alichokuwa akikisema.

Mambo ya kisiasa nitayapita haraka. Januari 1873 akaja Bartle Frere kutoka Uingereza kumtaka Barghash afunge biashara ya watumwa, na tarehe 5 Juni mwaka huo mkataba ukatiwa saini. Wanahistoria wana sababu nyingi, na mizinga ya manowari za Kiingereza ni mojawapo. Mie nasema Sultani aliyepoteza merikebu zake na mashamba yake kwa siku moja hakuwa na mengi ya kuegemea alipokaa mezani. Meli aliyoiagiza baadaye, Glasgow, iliyoundwa Uskochi na kufika hapa 1878, ndiyo iliyozamishwa tarehe 27 Agosti 1896 katika vita vile vya Waingereza na Zanzibar vya chini ya saa moja, na milingoti yake ikabaki ikichomoza juu ya maji mbele ya mji hadi 1912. Hapo ndipo ninapopita kila asubuhi.

Sasa nije kwenye jambo ambalo sijalisikia likizungumzwa. Ukirudisha hesabu ya mwezi, tarehe 15 Aprili 1872 iliangukia kama siku ya 6 ya Mfunguo Tano, yaani Safar, mwaka 1289 wa Hijria. Mwezi ulikuwa mchanga, nusu duara. Mvuvi yeyote atakwambia maana yake: maji mafu. Bahari ilikuwa katika siku zake za uvivu, haijai sana wala haikupwi sana. Siku za bamvua kubwa, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, hapa kwetu tofauti kati ya maji kujaa na kupwa hufika kiasi cha mita 4. Siku za maji mafu haizidi sana mita moja, na kina cha juu kabisa cha siku hizo kiko chini ya kile cha bamvua kwa mita moja nzima au zaidi. Basi kimbunga kile kikubwa tunachokihadithia kilikuja bahari ikiwa imelala. Lau kingekuja wiki moja kabla au wiki moja baada, mwezi mwandamo au mwezi mpevu, na kikakutana na maji ya alfajiri, sidhani kama Shangani na Malindi zingekuwa na hadithi ya mapaa tu.

Watu wa barza huuliza: kwa nini hakijarudi? Jibu lake si la kishirikina wala la kutisha. Kimbunga kinataka bahari yenye joto, nyuzi 26 na zaidi, na hilo tunalo tele. Lakini kinataka pia kule kuzunguka kunakotokana na mzunguko wa dunia yenyewe, na nguvu hiyo hupungua kadiri unavyoikaribia ikweta, mpaka inakwisha kabisa. Sisi tuko nyuzi 6 kusini, Pemba iko 5. Tuko ukingoni. Zaidi ya hayo kuna Bukini, yaani Madagaska, imekaa ubavuni pale kama ukuta wa uani, na vimbunga vingi humalizia hasira zake huko au huteremkia Msumbiji na Komoro. Kwa hivyo kuna sababu ya kweli ya sisi kulala usingizi. Ila ukingoni si nje.

Lindi iko kusini kidogo tu ya hapa, nyuzi 10. Ilipigwa na kimbunga tarehe 15 Aprili 1952, miaka 80 kamili kwa tarehe baada ya kile cha kwetu. Sijengi hoja juu ya tarehe kufanana. Ninachokitazama ni mwezi. Kenneth, kilichoivamia Komoro na kaskazini ya Msumbiji, kilikuwa Aprili 2019. Jobo, kilichotufanya tufunge madirisha bure kwa sababu kilikufa kabla ya kufika pwani ya Tanzania, kilikuwa Aprili 2021. Na Hidaya kilikuwa Mei 2024. Vinavyotufuata huku kaskazini huja mwisho wa msimu, wakati kaskazi, upepo wa kaskazini, imeshachoka, kusi, upepo wa kusini, haijashika, na sisi tuko katikati ya masika.

Siku za Hidaya nilikuwa kazini. Safari za boti za Dar es Salaam zilisimama, na ukumbi wa abiria ukajaa watu, mabegi, mafurushi, ndoo za urojo zilizofungwa vifuniko kwa plasta, na bibi mmoja aliyekuwa na kuku wawili kwenye kikapu na hasira za kuwatosha abiria wote. Alikuwa anakwenda arusini. Alinishika mkono akaniambia, "Mwanangu, bahari hiyo naiona imetulia, mnanizuilia nini?" Na kweli, pale mbele ya Malindi ilikuwa imetulia. Nikamwambia, "Bibi, upepo wenyewe bado uko njiani." Akanijibu kwamba na yeye pia alitaka kuwa njiani. Tarehe 4 Mei kimbunga kikaingia Mafia kikiwa kimeshapungua nguvu. Kule Lindi barabara ikakatika Somanga na magari yakalala njiani. Kwetu ikawa upepo, mvua, na makuti yaliyoruka. Kundi la mawalii likasema si tuliwaambia. Sikujibu, maana jibu langu lilikuwa refu.

Jibu lenyewe ni nyumba yetu.

Bondeni kwetu maji hayaji kwa mlango. Mgeni huweka mifuko ya mchanga kizingitini akajiona amemaliza. Kinachotangulia ni karo. Mfuniko wa karo la uani huanza kutoa sauti, bubujiko dogo dogo, kisha hunyamaza. Ukinyamaza ndio ujue limejaa. Halafu mende hutoka. Si mmoja wawili. Hutoka kwa pamoja, hupanda ukuta wa choo kuelekea darini, na mama yangu akiwaona tu huanza kukunja mazulia bila ya kumwambia mtu neno. Baada ya hapo sakafu hutoa jasho kwenye maungio ya vigae. Kisha, pale penye ufa karibu na mlango wa jikoni, maji hupanda polepole yakiwa safi kabisa kama ya kisima, na ndiyo yanayodanganya, kwa sababu mtu huona ni maji safi akapiga deki. Ukiyaonja yana chumvi. Maji machafu ya mtaani hufika baadaye yakichanganyika nayo, na hapo tena hakuna usafi.

Friji letu liko juu ya matofali mwaka mzima. Magunia ya mchele hayawekwi chini. Magodoro hupandishwa juu ya kabati, na kabati lenyewe lina miguu iliyooza kwa urefu wa kidole, ambao ndio kipimo chetu cha miaka. Vyeti vya watoto, hati ya nyumba na pasi ziko kwenye kopo la biskuti lililofungwa kwa utepe wa umeme, juu ya mwamba wa paa. Sijui nyumba ya bondeni isiyokuwa na kopo kama hilo.

Chumvi ile ndiyo iliyonifundisha. Ikiwa maji yanayopanda ndani ni ya mvua, chumvi imetoka wapi?

Imetoka ilipokuwa siku zote. Mji Mkongwe ulikuwa rasi, umetenganishwa na Ng'ambo, upande wa pili wa mji, kwa mkono wa bahari uliokuwa ukijaa na kupwa. Magari yanayopiga foleni mbele ya soko la Darajani yanapita palipokuwa na maji. Mkono ule ulifukiwa kidogo kidogo, kwa udongo na kwa takataka za mji, kazi iliyochukua miaka mingi hadi ikamalizika 1957. Viwanja vya Mnazi Mmoja ni sehemu ya kusini ya mkono huo huo. Watu wanacheza mpira pale, gwaride linapigwa pale, na siku za bamvua kubwa unakuta nyasi zimelowa wakati mvua haijanyesha. Bahari haikuhama. Imefunikwa tu, na ikijaa kule pwani, huku chini ya ardhi nayo hupanda.

Na mitaro yetu humalizikia wapi? Baharini. Hapa ndipo penye kiini cha maneno yangu yote. Mtaro hauna pampu, unategemea mteremko, na mteremko wa upande wetu ni mdogo sana. Maji ya bahari yakiwa yamekupwa, mvua hata ya kutisha hushuka na kwenda zake ndani ya saa mbili tatu. Maji yakiwa yamejaa bamvua, mdomo wa mtaro unakuwa chini ya bahari, na mvua yote iliyonyesha Kikwajuni, Kisiwandui na Vikokotoni hukaa ikisubiri. Pengine hata hairuhusiwi kusubiri, husukumwa kurudi nyuma.

Sasa weka saa. Hapa Zanzibar bamvua hujaa karibu na saa kumi, ya alasiri na ya alfajiri. Ndiyo maana wanawake wa mwani huko Paje na Jambiani hushuka pwani saa nne asubuhi siku za bamvua, maana hapo ndipo maji yanapokuwa yamekupwa hasa. Bamvua za mwaka zilizo kubwa kuliko zote huja Machi na Aprili, kisha tena Septemba na Oktoba, wakati mchana na usiku vinapolingana. Na Aprili ndio mwezi wa mvua nyingi kuliko miezi yote. Mvua kubwa ya masika ikianza usiku wa manane, katika siku mbili tatu baada ya mwezi mwandamo au mwezi mpevu wa Aprili, basi kufikia adhana ya alfajiri mende wameshapanda ukuta. Mvua hiyo hiyo ikinyesha wiki moja baadaye, maji mafu, tunasikia sauti ya mabati tu na tunageukia upande wa pili.

Haya ni mambo mawili yanayojulikana, kila moja peke yake. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutangaza mvua siku kadhaa mbele: angalizo kwa rangi ya njano, tahadhari kwa rangi ya chungwa, tahadhari kubwa kwa nyekundu. Tumezoea maneno yake mpaka watoto wanayaigiza: "baadhi ya makazi kuzungukwa na maji," "upepo mkali unaozidi kilomita 40 kwa saa na mawimbi makubwa yanayozidi mita 2". Ni kazi nzuri, na tangu wanaanza kutaja athari, si milimita tu, watu wanasikiliza zaidi. Na jedwali la maji limetungwa kwa hesabu ya mwezi na jua, halikosei kwa dakika nyingi. Lakini sijaona siku ambayo mawili haya yamewekwa katika karatasi moja mbele ya mtu wa bondeni. Manahodha wanayaweka pamoja vichwani mwao kwa sababu roho zao zimo. Wazee wa Makunduchi wanaohesabu miongo, siku kumi kumi tangu Siku ya Mwaka, walikuwa na yao: mkulima akijua mwongo wake, anajua lini apande na lini asubiri. Sisi wa mjini ndio tuliobaki na nusu ya habari.

Dada yangu ananikatalia. Yeye kaolewa Mwanakwerekwe, na Mwanakwerekwe bamvua haiwahusu ndewe wala sikio. Kule maji ni ya shimo. Ardhi ya Ng'ambo ya mbali ina mabonde yasiyokuwa na mlango, maji ya mvua hushuka kutoka pande zote yakakusanyika katikati, na hayana pa kutokea ila kunywewa na ardhi au kukaushwa na jua. Zamani yalikuwa maziwa ya msimu, watu walilima mpunga pembezoni, bata wakaogelea. Kisha mji ukasogea. Kiangazi kilipomuonyesha mtu uwanja mkavu, alinunua, akajenga, na jirani yake akamwaga kifusi kuinua kiwanja chake, na kifusi kile kikamsukumia maji aliye chini yake. Shemeji yangu aliuziwa kiwanja mwezi wa Februari. Mwenye kuuza alikuwa mtu mwema, mwenye kuapa sana.

Mitaro mikubwa iliyojengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia imesaidia, sitaki kuwa mkosefu wa shukrani. Kuna mitaa ambayo ilikuwa ziwa na leo inapitika kwa vespa. Lakini kwa dada yangu maji yakiingia hukaa siku nyingi, na maji yanayokaa ndiyo hatari kuliko yanayopita. Karo hufumuka, kisima cha jirani huchanganyika nalo, na tunarudi kwenye maradhi yale yale yaliyowamaliza watu wa mji huu 1869 na 1870, kipindupindu, wakati majumba ya Mji Mkongwe yalipokuwa yakitoa maiti mchana na usiku. Mlipuko wa 2015 na 2016 wengi wetu tunaukumbuka, biashara ya vyakula na juisi za mitaani ilipozuiliwa na Forodhani ikawa kimya. Kwa hivyo wa bondeni na wa shimoni tunabishana tu nani ana hali mbaya zaidi. Mie nasema wa shimoni. Ila sisi wa bondeni angalau tunaweza kuweka tarehe.

Bahari nayo ina tarehe zake, na hapo sitaki maneno mengi. MV Skagit ilipinduka karibu na Chumbe tarehe 18 Julai 2012, ikitoka Dar es Salaam na watu wanaokaribia 300, siku mbili tatu kabla ya Ramadhani. Kusi ilikuwa imeshika, mawimbi makubwa. Chombo kile kilikuwa kimeundwa kwa ajili ya maji ya ndani ya Seattle, Marekani, na kilifanya kazi huko miaka mingi kabla ya kuuzwa huku. Ile ya MV Spice Islander I, iliyozama nje ya Nungwi usiku wa kuamkia 10 Septemba 2011 ikielekea Pemba, haikuwa ya upepo, ilikuwa ya kujaza watu kupita kiasi, na siitii katika hesabu ya hali ya hewa ingawa kwa mama yangu na watu wa Wete hakuna msiba mwingine unaotajwa kabla yake. Ninachokisema kwa wanaoniuliza pale dirishani ni kidogo: Juni mpaka Agosti, ukiwa na hiari, panda boti ya asubuhi. Kusi huzidi mchana.

Mengine nayataja ili mtu asije akasema nimeyasahau. Zilzala ya tarehe 12 Agosti 2020, yapata saa mbili usiku, iliyoanzia baharini kusini-mashariki ya Dar es Salaam, ilitutoa nje na khanga za kulalia, kisha tukarudi ndani tukichekana. Tsunami ya 26 Disemba 2004 ilifika pwani ya Tanzania ikiwa dhaifu baada ya kuvuka bahari nzima, na bado iliua watu kadhaa Dar es Salaam. Na Mji Mkongwe unaliwa na mvua kimya kimya: kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, sakafu za boriti za mikoko, paa likivuja mwaka mmoja bila ya kutengenezwa ukuta mzima hulainika. Beit al-Ajaib, iliyojengwa 1883, ilimomoka upande mmoja tarehe 25 Disemba 2020 na kuua watu wawili, ikiwa katikati ya matengenezo. Kuna majumba madogo yanayoanguka kila masika ambayo hayaingii kwenye habari.

Ninachofanya mwenyewe ni kitu kidogo. Kila Januari, jedwali jipya likibandikwa, nakaa na kalamu nyekundu na kuzungushia siku zote za Machi, Aprili na Mei ambazo maji yatapanda juu ya kiwango fulani nilichokijua kwa kuangalia ufa wa jikoni kwetu. Zinakuwa siku chache tu kila mwezi, mafungu mawili. Nakala moja nampa sheha, moja inabandikwa dukani kwa jirani yetu anayeuza mkaa, kwa sababu ndiye mwenye hasara kubwa, na moja mama ameitia ndani ya msahafu wake. Ikitangazwa tahadhari na siku imezungushiwa, tunanyanyua vitu mapema, magari yanapelekwa Kikwajuni juu, na wagonjwa wa magongo wanalala kwa jamaa. Ikitangazwa na siku haina duara, tunazibua mitaro tukalala. Mwenye mkaa ameshaacha kuniita mnajimu.

Kuna mhandisi mmoja, rafiki wa shemeji, aliyetueleza kwamba dawa ipo na si ya gharama kubwa: mlango wa chuma kwenye mdomo wa mtaro, unaoning'inia kwa bawaba juu, unaofunguka maji yakitoka na kujifunga bahari ikirudi. Barza nzima ilifurahi. Wakaanza kupanga nani atakwenda wizarani na nani ataandika barua. Mie nikauliza swali moja tu: mlango huo ukikwamishwa na chupa moja ya maji ya kunywa, utajifunga? Akasema hautajifunga, na ukibaki wazi ni sawa na kutokuwepo. Mifuko ya plastiki tumeipiga marufuku Zanzibar tangu 2006, lakini chupa ziko, na mtaro wetu nimeutazama jana jioni: pale kwenye kona ya mwisho kabla ya barabara kuna chupa, maganda ya madafu, kiatu kimoja cha skuli na tairi la baiskeli. Barua imeandikwa. Jumapili hii tunazibua, aliye na koleo aje nalo, na aliyetupa tairi anajijua.